Kadi Aliyopewa Somo

Usijifanye hukuwepo. Ulikuwa umekaa kwenye benchi la ile ofisi ya mikopo ya Maili Moja, nyuma ya duka la mabati. Mwanamkuu alipotoka chumba cha ndani akijishikilia ukutani, ulimtazama mara moja, kisha ukainamia simu yako, na simu yenyewe ilikuwa imezima. Ndivyo mlivyo. Walipokuja wanunuzi wa korosho na mizani yao, mlitazama chini. Walipokuja wapima viwanja, mlitazama juu. Sasa wamekuja wakopeshaji wa kausha damu, mnatazama simu.

Basi sikia alikotoka.

Mwanamkuu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Marui. Upepo uliezua nyumba yake, akakopa apate bati. Wakopeshaji wakachukua kadi yake ya benki na namba ya siri, na juu ya hayo wakaandika kuwa dhamana shamba la mikorosho la Kurui aliloachiwa na mama yake. Kila mwisho wa mwezi wao ndio waliotangulia kwenye mshahara, yeye akaokota kilichobaki, na deni badala ya kupungua likazidi kunenepa. Latifu, karani wa ofisi ile, akawa anampigia simu akiwa darasani.

"Mwalimu, riba imepanda. Ukizubaa tunakupeleka mahakamani, shamba linapigwa mnada."

Kaka yake, Abdulkadiri, akamwambia aende kwa wasaidizi wa sheria, Kisarawe mjini. Mwanamkuu akasema ataanza kwa somo yake, Bi Zubeda wa Maili Moja. Huyo ndiye aliyemfunda alipokuwa mwali, akamshika mkono siku ya kutolewa nje, akamnong'oneza sikioni mambo ambayo hata mama mzazi hasemi.

"Basi twende wote, niwe shahidi," alisema Abdulkadiri.

"Niende kwa somo yangu na shahidi? Si bora nimtukane tu nimalize."

Akaenda peke yake.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwali wangu. Mbona umekonda? Mume hakulishi, au wewe ndiye unayemlisha?"

Walicheka, kisha Mwanamkuu akalia mapajani mwa Bi Zubeda. Bi Zubeda alimfuta machozi kwa upindo wa khanga, akamuuliza shamba la Kurui lina mikorosho mingapi na limepakana na nani. Mwanamkuu alidhani ni huruma.

"Hiyo kadi kaifute benki, upewe mpya," alisema Bi Zubeda. "Niletee mimi, na namba yake. Kwako wataikuta, kwangu hawafiki. Mshahara nitatoa mwenyewe, nitakaa nao, nitawalipa kidogo kidogo. Kesi itakufa yenyewe."

Kadi mpya Mwanamkuu aliikabidhi kwa mikono miwili. Hakudai hata karatasi. Mwisho wa mwezi alipopiga simu aliambiwa, "Wametulia, lala." Na kweli alilala, mwezi ule na uliofuata. Kisha samansi ikamfikia shuleni: mdaiwa ameifuta kadi, hajalipa chochote tangu siku hiyo, shamba la dhamana lichukuliwe.

Alikwenda mbio Maili Moja. Nyumba ya Bi Zubeda ilikuwa imefungwa, akaingia ofisini kuuliza walichopokea.

"Hapa hujaleta kitu, Mwalimu," alisema Latifu. "Ngoja nimuulize mwenye ofisi."

Akasogeza pazia. Sauti ikajibu kutoka ndani, ya taratibu, yenye mkwaruzo kidogo.

"Mwambie hatuna mazungumzo. Shamba la Kurui litalipa."

Sauti ile Mwanamkuu aliijua tangu alipoisikia sikioni mwake, amefunikwa khanga, akiwa binti. Akapita pazia bila kuruhusiwa. Bi Zubeda alikuwa anakunywa chai.

"Somo. Kumbe ofisi ni yako."

"Kaa, mwanangu."

"Kadi yangu iko wapi?"

"Imo humu kwenye droo. Mshahara nimetoa miezi yote miwili. Si ulinipa mwenyewe?"

"Mbona samansi inasema sijalipa?"

Bi Zubeda akapuliza chai yake. "Una shahidi kwamba ulinipa? Nilikufunda mengi, mwali wangu. Hilo la kutembea na shahidi hukulishika."

Pazia lilikuwa wazi. Benchi zima lilisikia, nawe ulisikia. Mwanamkuu aliwatazama mmoja mmoja, na kila jicho lilipata pa kujificha.

Safari hii alikwenda Kisarawe na kaka yake. Naila, binti wa msaada wa kisheria, alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, kadi yako ni yako, mkopeshaji hana haki ya kuikalia. Benki itaonyesha hela ilitolewa. Ila haitaonyesha ni mkono wa nani. Nipatie mtu mmoja tu aliyemsikia akisema."

Mtu huyo ni wewe. Na sababu ya kimya chako inajulikana: kadi yako nayo imo kwenye droo ile ile, unaogopa ukisema, samansi inayofuata itakuwa na jina lako. Itakuja tu, hata ukinyamaza. Alimfunda Mwanamkuu akamla, wewe uliyekuja na njaa yako tu atakuacha kwa lipi?

Kesi inatajwa Alhamisi. Mwanamkuu anakwenda mahakamani kwa ajili ya mikorosho ya mama yake, na hadi sasa hana mtu. Usingoje jioni, usingoje kumuuliza jirani. Jifunge khanga, nenda Kisarawe leo, uingie kwa Naila useme kwa kinywa chako: nilikuwepo, nilimsikia.