Sista Bado Anavuta

Asubuhi, kwenye kioski cha maji cha mji mdogo wa Kabati, Mwau alijaza mitungi yake ya lita ishirini, akaipanga juu ya mkokoteni na kuifunga kwa mpira wa baiskeli. Kisha akaenda mbele, akaokota mikanda iliyolala mavumbini na kuifunga kwenye kifua cha punda wake, Sista, aliyekuwa amekufa tangu wakati wa kuvuna ndengu. Mikanda ikainuka, ikakazika, ingawa ndani yake hakuonekana mnyama. Mkokoteni ukaingia barabarani, na Mwau akaufuata akipiga mluzi.

Kabati hakuna aliyeshangaa. Mwenye kiu hamwulizi punda cheti cha daktari.

"Mwau, wewe Mungu anakupenda," alisema Hamdi, mama mwenye hoteli ya karibu na msikiti, akihesabu mitungi yake mlangoni. "Punda hali, hanywi, hachafui mbele ya wateja. Ningepata mpishi wa namna hiyo, mimi ningelala tu."

Mwau alicheka, maana Hamdi alikuwa mteja.

Shida ya Mwau ilikuwa mikanda. Asipoifunga, ilibaki chini kama mikanda mingine yoyote, na Sista hakuvuta. Kwa hiyo kila siku ni yeye mwenyewe aliyemwita marehemu kazini. Kila jioni aliifungua akisema basi, leo ndiyo mwisho, apumzike. Asubuhi watu walipiga simu wakitaka maji, naye akaifunga tena.

Kuhusu kifo chenyewe, alikuwa amewaambia watu kwamba Sista alikula mfuko wa plastiki akaanguka kwenye kilima cha kanisani, akiwa na mitungi kumi tu kama kawaida. Watu wakampa pole na kuilaani plastiki. Plastiki haikujitetea.

Ndipo akaja Madam Kalondu, mwalimu wa fizikia wa shule ya kutwa. Maabara yake ilikuwa na kigari kimoja cha magurudumu matatu, la nne likiwa limepotea, na mipira ya kuvutia iliyolegea kama soksi kuukuu.

"Mzee Mwau, nisaidie na Sista Alhamisi," alisema. "Punda aliye hai anachoka, anakasirika, anaona majani. Huyu wako anavuta kwa nguvu ileile kutoka asubuhi hadi jioni. Hata huko Nairobi hawana kitu kama hiki."

Mwau hakuwahi kuombwa kitu na mwalimu. Alikubali kabla hajafikiri.

Alhamisi kidato cha tatu kilijipanga kando ya lami. Walilegeza kifuniko cha mtungi mmoja, wakaulaza nyuma ya mkokoteni ili udondoshe maji tone kwa tone, bila kuharakisha wala kuchelewa. Mkokoteni ulipoondoka, matone ya kwanza yalikaribiana, kisha yakaanza kuachana zaidi na zaidi. Wanafunzi waliyakimbilia na futi ya fundi kabla jua halijayalamba.

Wakaongeza mitungi. Matone yakabanana. Wakaongeza tena, yakabanana zaidi. Vijana wawili wakasukuma kwa nyuma, yakaachana tena.

"Nguvu ikiongezeka, akseleresheni, yaani kule kuongeza mwendo, inaongezeka. Masi, yaani wingi wa mzigo, ikiongezeka na nguvu ni ileile, inapungua," alisema Madam Kalondu, uso ukimng'aa. "Na msisahau mkokoteni wenyewe. Kila kilicho juu ya magurudumu kinahesabiwa."

Mwau alisimama kando mikono kiunoni, akijisikia kama mzazi siku ya kutuza wanafunzi. Hakujua hata alikuwa anafurahia nini.

Msichana mmoja, Nzilani, akainua mkono. "Madam, na kwa kilima je?"

Wakaenda kwenye kilima cha kanisani na mitungi kumi. Sista akapanda. Alipanda polepole, mkokoteni ukilia, lakini hakusimama mpaka juu.

Mwau akaanza kuugeuza mkokoteni.

"Madam, hapa kuna kitu hakiingiani," alisema Nzilani akitazama matone nyuma yao. "Mzee alisema siku ile ilikuwa kumi. Na kumi amepanda."

"Siku ile alikuwa amekula plastiki," alisema Mwau upesi.

"Lakini Mzee, si bado iko tumboni? Ataitoa aje na amekufa?"

Darasa lilicheka. Nzilani hakucheka. "Juu ya magurudumu kulikuwa na nini kingine?"

Mwau aliweka mkono juu ya mitungi ya mbele.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa nimekaa juu. Miguu ilikuwa imechoka."

"Panda basi, Mzee, tuone," ilisema sauti kutoka nyuma. Madam Kalondu alifungua mdomo kumkemea mwenye sauti, akakumbuka ni jaribio, akaufunga.

Wakaurudisha mkokoteni katikati ya kilima. Mwau akapanda, akakaa palepale pake, juu ya mitungi ya mbele. Mkokoteni haukusonga. Mikanda ilikazika ikatetemeka, mbao zikalia, na matone yakaanguka mahali pamoja, yakafanya kidimbwi kidogo kwenye lami. Kupitia makalio yake Mwau alisikia uvutaji usiopumua wala kukata tamaa. Siku ile hakuusikia. Siku ile alikuwa na fimbo, na mkono wake ulikuwa na kazi.

Akashuka. Mkokoteni ukaendelea kupanda.

"Mmeona?" alisema Madam Kalondu kwa sauti ya chini. "Andikeni."

Hakuna aliyemlaumu. Mzee wa kanisa alisema hata yeye hukaa juu ya mkokoteni wake akichoka. Hamdi alipopata habari alipiga hesabu hapohapo mlangoni.

"Kumi na wewe hawezi. Lakini wewe peke yako ni zaidi ya mitungi mitatu, hata ukiwa na njaa. Kwa hiyo kumi na mbili anaweza. Jumamosi nina harusi, niletee kumi na mbili."

"Mama, huyo mnyama nataka kumwachilia."

"Mwachilie Jumatatu."

Jumamosi Mwau alipakia mitungi kumi na miwili. Akaenda mbele, akapiga magoti mavumbini, akaizungusha mikanda kifuani mwa Sista bila kuikaza. Akamwomba msamaha. Alimwomba kwa Kikamba, maana ndicho alichokuwa akimtukania. Alimwita mwaitu, jina analomwita mama yake mzazi, akamweleza habari za miguu yake, na za fimbo, na za plastiki aliyomsingizia. Mikanda ilining'inia imelegea, kama mtu aliyeinamisha kichwa akisikiliza.

Alipomaliza alingoja kidogo, kwa adabu. Kisha akaikaza, maana Hamdi alikuwa ameshapiga simu mara ya pili.