Heparini Sakafuni

Kwa miezi minane Bingwa wa moyo na muuguzi wa chumba cha upasuaji hawakusemezana, tangu muuguzi aandike kwenye ripoti kwamba mgonjwa alivuja damu wakati Bingwa anachezea simu. Maagizo yalipitia kwa fundi wa picha za eksirei, naye maskini alishachoka kugeuzwa tarishi.

"Mwambie adunge heparini," Bingwa alisema. Waya ulikuwa umeshaingia mkononi mwa mgonjwa ukielekea kwenye mshipa wa moyo ulioziba. Bila dawa ya kuzuia damu kuganda, damu ingegandia hapo hapo kwenye waya.

"Anasema udunge..."

"Mimi si kiziwi." Muuguzi aliinua sindano.

Mgonjwa, dereva wa lori, akamshika aproni. "Dada, heparini si ndiyo ile ya mwaka jana? Nilipopasuliwa goti. Damu iliganda mguu mzima. Wakasema nisidungwe tena maisha."

Muuguzi aliirudisha sindano nyuma; wapo wagonjwa wachache ambao heparini huwagandisha damu badala ya kuizuia. "Mwambie bosi wako, dawa hii itamuua. Kwenye friji kuna bivalirudini, nayo huzuia damu kuganda."

"Mwambie mwenye maumivu husema lolote. Na sifundishwi kazi na mbeya wa ripoti."

Hapo hasira ya miezi minane ikampanda muuguzi. Akaielekeza sindano chini, akaimwaga yote mbele ya viatu vya Bingwa.

"Ukitaka nyingine, kachukue mwenyewe," akamwambia usoni.

Bingwa hakuweza. Glavu zake safi hazikuruhusiwa kugusa chochote nje ya meza, na waya haukuachika. Mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kulia. Muuguzi akaichanganya dawa ya friji haraka. Sheria ya chumba ilijulikana: mdungaji hutaja dawa, daktari huirudia, ndipo iingie.

"Bivalirudini," akataja. Fundi akafungua mdomo kuipeleka. "Nyamaza wewe!" muuguzi akamkata. "Aseme mwenyewe."

Bingwa alimtazama kama anayetamani kumng'ata.

"Bivalirudini," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia muuguzi kwa miezi minane. Muuguzi akadunga. Puto dogo lililopitishwa kwenye waya likatanuliwa, mshipa ukafunguka, dereva akashusha pumzi ndefu.

"Mwambie," Bingwa alimgeukia fundi, "kesho nataka barua ya kujieleza mezani kwangu."

"Mwambie naiandika sasa hivi," muuguzi akajibu, kalamu mkononi. "Na lile neno 'mbeya' nimeliweka humo."

"Mwambie pia," dereva akadakia kutoka mezani, sauti ingali dhaifu, "shahidi yuko hai."