Wateja Saba wa Fundi Shomari

Usiku wa jana niliota simu yangu imekaa juu ya cherehani, imevaa shingoni futi yangu ya kupimia nguo.

"Fundi Shomari, siku ya kumi na tisa bila bangi," ikasema. "Hongera. Hamu yako leo ni ngapi kati ya kumi?"

Ilikuwa ile programu ya kuacha bangi, ambayo mama alimwomba muuza vocha aniwekee. Huniuliza hivyo kila asubuhi. Nikajibu, "Saba."

Ikafungua mlango, wakaingia Hamu saba. Wafupi, wapole, wananuka moshi. Wanavua viatu, wanakaa kwenye benchi la wateja.

"Wavumilie dakika kumi na tano," simu inasema. "Hamu haidumu."

"Kila mmoja?"

"Kanuni ni kanuni."

Mkubwa wao ananyoosha kiganja. "Fundi, tumefuata msokoto wetu."

Mkono wangu unaenda mfukoni wenyewe. Siku zangu kumi na tisa zimekunjwa vizuri rafuni, zinanitazama. Niliogopa sana.

Mara kibanda kikawa jikoni kwa mama, cherehani katikati ya masufuria. Hapo mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"Njooni Alhamisi," nikasema. "Imebaki vifungo tu."

"Alhamisi kweli?"

"Haki ya Mungu. Ni umeme tu ulinisumbua."

Wakanung'unika, wakavaa viatu, wakaondoka mmoja mmoja.

"Uongo wa mafundi," simu ikasema. "Kumbe una faida."

"Na mimi je?" sauti ikauliza kutoka rafuni. Ni kitenge cha mama. Mwaka wa pili huu nakiambia Alhamisi, maana mkono ukiwa na bangi haukati mstari ukanyooka. Nikalia.

Nilipoamka nilikwenda moja kwa moja kufungua kibanda. Benchi halijakaliwa na mteja tangu Ramadhani. Vumbi lake lilikuwa limefutika mahali saba.

Nikamshukuru Mungu, nikaishukuru simu, nikamshukuru hata muuza vocha, ambaye ana maringo.

Mama akapita na kikapu chake cha sokoni. "Fundi, gauni langu vipi?" akauliza kwa mazoea, wala hakusimama.

"Ingia, mama, nikupime."

Akarudi hatua mbili. Akanitazama macho, kisha mikono. Akaweka kikapu chini, akasimama wima nimpime.