Safu ya "Laini Ndani"

Kidonda cha Boke kilikuwa bado hakijawa kidonda. Juu ya mfupa wa kitako ngozi ilikuwa nzima, imegeuka rangi ya zambarau, na Sista Tereza alipoibonyeza ilizama kama embe lililoozea ndani.

Boke, mwanamke wa Mugeta, aliangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe akapooza kuanzia kiunoni. Mwaka ule wa 1990 dizeli ilikuwa ya kubahatisha. Alilazwa siku mbili juu ya ubao Bunda kabla ya kupata gari la kumfikisha hospitali ya misheni, Musoma.

Zamani daftari la wodi lilikuwa na safu iliyoitwa "laini ndani". Muuguzi alibonyeza, akaandika. Fomu mpya, aliyorudi nayo Daktari Danford kutoka semina, iliifuta. Sasa vidonda vya kulala viligawanywa madaraja manne, kwa kinachoonekana. Ngozi nzima ilikuwa daraja la kwanza. Gari la rufaa la Mwanza, lililoondoka Alhamisi moja kila wiki mbili, lilichukua daraja la tatu na la nne tu.

"Daktari, huyu ameoza ndani," Tereza alisema Jumatano. "Kule kuna godoro la maji na mpasuaji. Kikifunguka, kimkute huko."

"Fomu inasema daraja la kwanza, Sista."

"Fomu haina vidole."

Danford alicheka. "Nilivijaribu hivyo vidole. Wewe ulisema laini, muuguzi mwenzako Benedikta akasema ngumu. Mgonjwa yuleyule, saa ileile. Nimwamini nani?"

"Benedikta alibonyeza pembeni."

"Kwa hiyo tuandike na mahali pa kubonyeza?"

"Ndiyo. Tuandike."

"Basi andika pendekezo. Tutalijadili kwenye kikao cha Juni."

Ilikuwa Machi.

Magige, mume wa Boke, alikuwa amesikia. Alimfuata Tereza hadi barazani.

"Dada, ngozi ikichanika anapanda gari?"

"Ikichanika mpaka ndani, anapanda."

"Si uichane? Sisi ng'ombe tunawapasuaga majipu kila siku. Wembe ninao."

Tereza alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Ngozi ile ndiyo ilikuwa kinga pekee iliyobaki. Gozi safi za kufungia vidonda zilikwisha tangu Februari.

"Hapana, shemeji. Nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu."

"Na usipoichana?"

"Tutamgeuza kila baada ya saa mbili."

Alhamisi gari liliondoka na nafasi moja tupu. Wakamgeuza.

"Mnaniona dagaa wa kuanikwa," Boke alisema, nao wakacheka.

Jumapili ngozi ilifunguka yenyewe. Shimo lilitosha ngumi, mfupa ukionekana chini yake, na homa ilifika digrii arobaini. Tereza alijaza fomu: daraja la nne, kilianza tarehe 11 Machi, Bunda.

Danford alitazama kidonda, kisha fomu. Akakata tarehe, akaandika ya Jumapili hiyo.

"Tarehe kumi na moja aliona nani?" alisema, bila ukali. "Tuandike tunachoweza kuthibitisha." Akasaini rufaa.

Gari lingeondoka tena baada ya siku kumi na moja.

"Sasa daraja linatosha?" Magige aliuliza.

"Linatosha," alisema Tereza. Saa mbili zilikuwa zimetimia. Magige akashika miguu, yeye akashika mabega.