Masharti ya Genoveva

Binti yangu Genoveva alinisomea masharti ya kazi aliyoitamani jikoni, hapa Temeke, mwaka wa hamsini na tano, mie nikimenya ndizi. Kwanza, uwe na cheti cha chuo kikuu. Alikuwa nacho, alikitoa Makerere. Pili, uwe umesimama darasani miaka miwili, alikuwa amesimama. Tatu, uende Uingereza ukasome miaka miwili namna ya kupima akili za watoto wa shule na kujua kinachowasumbua. Nne, ukimaliza kusoma, ufanye kazi mwaka mzima chini ya mtu anayeijua kazi hiyo, awe anakuangalia na kukusahihisha.

"Mtu huyo hapa yupo?" nikamwuliza.

"Hayupo, mama. Tanganyika nzima sijamsikia. Mwaka huo nao nitaufanya kulekule."

"Basi ni mitatu."

"Ni mitatu."

Nikaendelea kumenya. Tangu mume wangu Apolinari alipofariki, nyumba ile ilikuwa ya watu wawili. Mungu hakunipa mtoto mwingine aliyeishi.

"Padri huwauliza watoto dhambi zao," nikasema, "na hajafika Uingereza."

Akacheka. "Padri huwauliza walichofanya, mama. Mie nataka kujua walichofanyiwa."

Nilijua anamsema nani. Shuleni kwake alikuwapo msichana mmoja, Felicitas, aliyeacha ghafla kujibu maswali. Alichapwa, akasimamishwa nje, mwisho akarudishwa kwao kwa kuwa eti ni mjinga. Genoveva alimfuata hadi nyumbani. Kumbe mtoto yule alikuwa amemzika mama yake wakati wa likizo, na tangu shule ilipofunguliwa hapakuwa na mtu aliyemwuliza lolote ila hesabu. Kutoka siku hiyo binti yangu hakuwa na habari nyingine.

Mkaguzi wa shule, bibi mmoja wa Kizungu, alimwazima kitabu na picha za kujizoezea. Mtoto wa kumjaribia hakuwa naye, kwa hiyo akanikalisha mie mezani alasiri, yeye upande huu, mie upande ule.

"Hii picha imepungukiwa na nini?"

"Hiyo nyumba haina mlango. Nimepata?"

Kimya. Uso wake mkavu.

"Genoveva, nimepata au nimekosa?"

"Siruhusiwi kusema, mama. Ujibu vizuri, ujibu vibaya, sura yangu iwe ileile. Na nikishauliza, ninyamaze. Nisikutilie jibu mdomoni."

"Uwe kama sanamu ya kanisani."

"Hivyohivyo."

Akaniuliza maswali mengine yaliyokuwa kitabuni. Unalala vizuri? Unapoamka, jambo la kwanza unalowaza ni nini? Ukiwa na huzuni unamwambia nani? Yalikuwa maswali ya watoto. Nikajibu la usingizi, la pili nikalijibu nusu, la tatu nikasema moto utazimika, nikaenda jikoni. Hakunifuata. Tangu msibani sikuwa nimeulizwa maneno yale, na sasa nilikuwa nimeulizwa kwa mazoezi.

Lilibaki sharti moja, nalo lilikuwa letu wenyewe. Kwetu Bukoba binti ni wa ukoo wa baba. Kama baba hayupo, ndugu wa baba ndiye anayesema aende au akae. Shemeji yangu Revelian, mdogo wake Apolinari, alikuwa karani na alikaa Kinondoni. Alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa koti licha ya joto.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, shemeji."

Nilimtengea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, kama tunavyompa kila mgeni. Mgeni huchukua moja akatafuna, ndipo mazungumzo yakaanza. Revelian hakuchukua. Kwetu, mtu aliyekuja na neno zito haigusi kahawa ya nyumba mpaka neno liishe. Kikapu kikakaa katikati yetu.

Genoveva alipiga magoti akamwamkia vizuri, kisha akaketi mkekani. Lakini baba yake mdogo alipoanza kusema, akawa anamtazama usoni, jicho kwa jicho, kama kitabu kilivyomfundisha.

"Shemeji," Revelian akaniambia, "huyu mtoto ananikodolea macho kama hakimu."

"Ndiyo masomo yake."

"Hata hajaondoka, yamekwisha mharibu macho! Akirudi si atatuuliza tumekunywa nini?"

Genoveva akainamisha kichwa, lakini nilimwona anabana kicheko.

Revelian akaacha mzaha. "Masomo siyapingi. Marehemu angefurahi. Ila watu wa ukoo wataniuliza, mjane wa kaka yako umemwacha na nani? Kwa hiyo nakuuliza mwenyewe, Demetria. Ukiniambia hutabaki peke yako, kibali nakitoa sasa hivi. Kama utabaki peke yako, binti akae. Au uje wewe Kinondoni, uani kwangu, ufunge nyumba hii."

Neno la kusema lilikuwa rahisi. Ningesema wapo wanawake wa kanisani, yupo jirani, mambo yakaisha. Lakini nilikuwa nimetoka kupokea Komunyo asubuhi ileile. Nikamtazama Genoveva anisaidie. Alikuwa ameinua uso, ametulia, ananisubiri. Hakunitilia jibu mdomoni.

"Nitabaki peke yangu," nikasema.

Revelian akaegemea nyuma. "Basi umejibu."

"Sijamaliza, shemeji. Nitabaki peke yangu, na Kinondoni siji. Nyumba hii tuliijenga na kaka yako. Lakini nikimzuia huyu, atakuwa anapika, anafagia, ananiitikia 'abee mama', na moyo wake uko kwingine. Nitakuwa peke yangu naye yumo ndani. Huo upweke siuwezi. Ule mwingine nitauzoea."

Nje muuza mafuta ya taa alipita akipiga debe lake.

"Na watu wa ukoo niwaambie nini?" Revelian akauliza, sauti yake ndogo sasa.

"Waambie ulimwuliza mjane mwenyewe, akakwambia kweli."

Akanyoosha mkono kikapuni, akachukua buni moja, akaitia mdomoni. Genoveva akajifunika uso kwa kanga, akalia kama mtoto mchanga.

Meli iliondoka mwanzo wa kiangazi. Pale bandarini hakuniuliza nitalalaje, nami nilimshukuru, kwa sababu ningemjibu.

Mambo mengi niliyatarajia: sahani moja, ndoo moja ya maji, kanga zake zikiwa bado kambani. Hayo yalinikuta nimejiandaa. Lililonikuta sijajiandaa ni rozari. Tulikuwa tukisali kila jioni, mie nikianza Salamu Maria, yeye akiitikia Maria Mtakatifu. Jioni ya kwanza nilipiga magoti, nikaanza, nikafika nusu, nikanyamaza kumpisha.

Nikasubiri.

Halafu nikaitikia mwenyewe.