Mwenye Shuka Ndiye Msemaji

Katika kibanda cha kinyozi waliyemwita Bwana Huru, mwenye shuka shingoni ndiye msemaji. Shuka likishafungwa, aliye kitini anasema lolote, na walio kwenye benchi wanafunga midomo mpaka livuliwe. Hata aliyekuja kuisifu serikali, jambo lililomchefua Bwana Huru kuliko kitu chochote, alinyolewa taratibu na kusikilizwa hadi neno la mwisho. Wanaume wa mtaa walikipenda kibanda kile kuliko nyumba zao.

Asubuhi hiyo kiti kilikuwa kitupu, na Bwana Huru alikuwa akipangusa mashine kwa spiriti.

"Serikali ikikulisha leo, kesho itakuchagulia kijiko."

"Na keshokutwa itakutafunia!" akadakia dereva wa lori. Benchi zima likaangua kicheko.

Mkewe Bwana Huru akaingia katikati ya kicheko hicho.

"Baba watoto, naomba sare yangu."

Alikuwa ameajiriwa hospitali ya serikali kufua mashuka ya wagonjwa. Aliambiwa aripoti leo kabla ya adhuhuri, akiwa ndani ya sare. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine. Alfajiri aliikuta kamba ya nguo tupu. Mumewe alikuwa ameifungia sare kwenye kabati lililo chini ya kioo cha kibanda. Hakumpiga, na hilo alijivunia. Alimwambia tu kwamba mke wake hatakuwa mtumwa wa serikali.

"Maneno ya nyumbani yanasemwa nyumbani, mama watoto."

"Nyumbani hunisikilizi."

Akaketi kitini. Akavuta shuka, akajifunga mwenyewe shingoni. "Ninyoe."

"Hapo umepatikana, Bwana Huru!" dereva akasema, kisha akajiziba mdomo.

Bwana Huru akatabasamu. Akawasha mashine, akaanzia kwenye paji la uso, akairudisha hadi kisogoni.

"Nyie wote mnamjua," mke akasema akiwatazama kiooni. "Kila siku anasema mtu asichaguliwe maisha. Mimi nimechagua kufua. Nataka siku moja ninunue sabuni bila kuulizwa ile ya jana imekwenda wapi." Nywele zikamwangukia mdomoni, akazitema. "Baba watoto, kama serikali haina ruhusa ya kunifungia mlango, wewe ruhusa hiyo umeipata wapi?"

Mashine ikapita tena, safari hii kwa kubonyeza. Alama nyekundu ikabaki juu ya sikio lake.

Mwalimu mstaafu, ambaye neno lake ndilo lililofunga mijadala yote pale, akakohoa.

"Bwana Huru, mpe mwenzio nguo yake. Haki ni haki."

"Mwalimu, una shuka shingoni?"

"Sina, lakini..."

"Basi subiri zamu yako."

Mwalimu akainamia viatu vyake. Bwana Huru akazima mashine, akafungua shuka, akalikung'uta mlangoni.

"Umemaliza."

"Sijamaliza. Na kichwa changu hujakimaliza."

"Shuka halipo."

Upande mmoja ulikuwa upara. Upande wa pili zilibaki nywele alizoziosha na kuzichana alfajiri kwa ajili ya kazi. Akajitazama kiooni, sauti ikapungua.

"Basi nimalizie, mume wangu. Nisipite hivi barabarani."

"Mimi simlazimishi mtu, wala silazimishwi. Mlango huo hapo. Uko huru."

Dereva akacheka, na wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka. Mwanamke akainama, akavuta mlango wa kabati. Ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe. Akavuta tena, kitasa kikambakia mkononi. Akakiweka juu ya kiti, akatoka. Wakamwona akishika njia ya hospitali kichwa wazi, juani, bila sare, watu wakimgeukia. Walinzi wa pale getini walijulikana: asiye na sare hapiti.

"Haya, nani anafuata?"

Ilikuwa zamu ya Mwalimu. Akaketi. Shuka likafungwa. Benchi likanyamaza, hata dereva akaacha kucheka, kwa kuwa sasa hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza. Bwana Huru akangoja, mashine mkononi, akimkazia macho kwenye kioo.



"Punguza pembeni tu," Mwalimu akasema.