Nyumba Iliyochorwa Bila Kusalimia

"Uliona, Baba Masele. Uliwaona mafundi wanachimba msingi juu ya shimo, ukakaa kwenye kigoda chako unatafuna karanga."

"Sasa ulitaka nije nikamate sururu zao? Kiwanja ni changu?"

"Nilitaka mdomo tu, baba. Neno moja."

"Nimwambie nani, Mama Edson? Hata salamu ya 'mwadila' hujawahi kunitamkia. Siku ya kwanza nakuona, unashusha tofali."

Mwakitolyo yote, au tuseme ile nusu isiyokuwa mashimoni mchana ule, ilikuwa imejipanga kwenye uzio wa minyaa ikisikiliza. Akina mama wamejifunga khanga viunoni kama wamekuja msibani. Kijana mmoja wa machimbo, uso bado umepakaa vumbi la mawe, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mzee ana ulimi wa wembe," naye akamwambia anyamaze, asije akapitwa.

Asteria, mchoraji wa ramani za nyumba, alisimama katikati ya wagomvi hao wawili, futi ya kupimia mkononi, akitamani ardhi immeze. Halafu akakumbuka kwamba ardhi ndiyo iliyowaleta hapo, akaona aibu kwa wazo hilo.

Asubuhi, watoto wa Paskazia, huyo Mama Edson, wakiwa wameshakwenda shule, sakafu ya chumba chao ilifunguka. Kitanda kilizama chote. Kabati likabaki linaning'inia ukingoni, milango wazi, vitenge vya biashara vikimwagika kimojakimoja gizani. Chini ya nyumba kulikuwa na duara la zamani, shimo la wachimba dhahabu, lililofunikwa kwa magogo na udongo kiasi kwamba mgeni angelikanyaga miaka yote bila kujua. Na Paskazia alikuwa mgeni. Alikuwa ametoka Geita alikouza vitenge tangu ujana wake, chumba cha kupanga amekirudisha, kila alichonacho kimo kwenye kuta zile.

"Dada mchoraji," Paskazia akamgeukia. "Wewe sema. Nyumba yangu inapona?"

Asteria hakuichora nyumba ile, na hapo ndipo palipomkaba. Ilichorwa na kompyuta, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Taherali pale Kahama. Mteja anakaa, anaulizwa maswali, anajibu, na kabla soda haijaisha ramani inatoka. Lakini aliyeifundisha kompyuta alikuwa yeye. Viral, mpwa wa mwenye duka, kijana mpole aliyesomea programu, alikaa naye miezi mingi akimchota alichonacho kichwani na kukigeuza kanuni. Ikiwa udongo ni mweusi wa mbuga, basi msingi ushuke zaidi. Ikiwa mvua hupigia upande huu, basi dirisha lisikae huku. Ikiwa ukoo ni mkubwa, basi jiko litoke nje. Kila alichojua kikaingia humo, na mjini watu walimtania kwamba sasa amezaa mtoto wa bati.

Maswali ya mashimo yalikuwamo pia. Je, kuna shimo wazi kiwanjani? Paskazia alijibu hakuna. Je, udongo umewahi kujazwa? Akajibu sijui, kompyuta ikaongeza nondo kidogo na kuendelea na safari yake. Hakuna aliyedanganya.

Asteria akamjibu kwa sauti ya chini. "Tukijaza mawe tukamwaga zege mpaka juu, chumba kile tutakivunja, lakini nyumba inaweza kusimama."

Paskazia akashusha pumzi. Uzio mzima ukashusha naye.

"Hamtamwaga zege humo," akasema mzee Nkwabi, ndiye Baba Masele.

Alikuwa amesimama. Kigoda kilikuwa kimeanguka nyuma yake wala hakukiona.

"Baba Masele, mbona unanikomoa?" Paskazia akauliza, na safari hii hakuwa anagomba. "Nimekukosea nini hasa?"

Mzee akafuta mdomo kwa kiganja. "Sostenes yumo humo. Mdogo wangu. Mvua ilibomoa kuta akiwa chini, tukachimba kumtafuta, likabomoka tena. Wazee wakasema basi, msiongeze maiti. Tukamfunika na magogo, tukamlilia pale juu."

Wenyeji wakatazama miguu yao. Wote walikuwa wanajua.

"Na ukaniacha nijenge?" Paskazia akanong'ona. "Wanangu walale juu yake?"

"Nilisubiri uje. Kwetu mtu akitaka kujenga anapita kwa majirani, anasalimia, anakaa. Nami ningekuonyesha pa kukwepa. Hukuja. Nikakasirika. Halafu nikamsikia fundi wako anasema mashine imeshapima kila kitu, nikasema kumbe, labda wao wanaona mpaka chini. Labda wameshamwona na wamemkwepa. Nilitaka kuamini hivyo. Ilinipunguzia kazi ya kulisema."

Simu ya Asteria ikaita. Alikuwa Viral. Akasogea pembeni, akamweleza. Kijana akasema kwa huzuni ya kweli, "Dada Asteria, nipe swali la kuongeza. La kujibiwa ndiyo au hapana. Naliingiza leo hii, lisimpate mwingine."

Asteria akaanza kulitunga kichwani. Je, kuna ndugu wa mtu chini? Nani angejibu hilo, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya wateja wa misumari?

Akakumbuka siku ya kwanza kabisa. Viral alikuwa amemuuliza, ukifika kiwanjani unaanza na nini, naye akajibu huku akicheka, "Nasalimia majirani, nakunywa chai yao, napiga umbea mpaka jua lichome. Halafu naanza kazi." Viral naye akacheka, vidole vikingoja juu ya kibodi. Alipoanza kuandika, alianzia pale kwenye kazi. Asteria aliona, na hakumzuia. Hata yeye aliamini ile chai ilikuwa uvivu wake.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Aliporudi, Paskazia alikuwa anatoa sufuria nje. Hakulia. Alizipanga chini moja baada ya nyingine, kubwa kwa ndogo, kama anapanga meza ya sokoni.

"Mama Edson," Asteria akasema, "zege bado..."

"Mwacheni huyo kijana alale. Mimi siwezi kupika juu ya mtu anayeliliwa na jirani." Akaangalia mlango wake mpya, uliokuwa bado unanuka rangi. "Leo watoto wakitoka shule nawapeleka wapi, hilo ndilo sijui."

Nkwabi aliokota kigoda chake, akakiweka chini, hakukikalia. Watu wa uzio wakaanza kupungua; hakukuwa tena na la kubeba kwenda kusimulia lililokuwa tamu.

Ndipo mke wa Nkwabi akatokea jikoni, Mama Masele, mwanamke mnene wa maneno machache, mkononi birika la maji ya kunawa. Akampita mumewe bila kumtazama, akavuka mpaka, akasimama mbele ya zile sufuria.

"Ugali umeiva, na mboga ya nsansa ya karanga. Watoto watatukuta kwangu humo humo," akasema, akainamisha birika. "Leta mikono, Mama Edson. Na wewe mchoraji. Ingieni ndani mle."